Cheti cha uandishi wa kiufundi, nani anakiuliza?

Mhariri, salamu. Nimeisoma barua ya yule ndugu yetu wiki iliyopita, anasema waandishi wa kiufundi, yaani sisi tunaoandika manyuali, miongozo ya kutumia mifumo na mashine, wote tukafanye mtihani wa kimataifa tupate cheti ndo tutaheshimika. Nia yake nzuri, sibishi, ila kuna mambo kayaruka.

Hicho cheti anachokisifia, CPTC, kilikuwa cha chama cha Marekani kinaitwa STC, chama cha toka 1953 sio cha juzi, na Januari 2025 kikatangaza kinafunga na kuingia kwenye ufilisi. Watu walijinyima wakalipa dola, leo chama chenyewe hakipo. Halafu ngazi yake ya kwanza ilikuwa mtihani wa kuchagua majibu, sasa kuandika unapimwaje kwa kuweka tiki? Jamani. Sikatai, kusoma kwa ajili ya mtihani kunakunyoosha, na kwa kijana ambaye sivii yake haina kitu cheti kinasaidia hata aitwe kwenye interviu.

Ila inshu kubwa ni hii: cheti kinakuwa na thamani pale yupo mtu anakiuliza. Mhasibu anahangaika na CPA ya NBAA, bodi ya wahasibu, kwa sababu akienda kuomba kazi ataulizwa, injinia anajisajili ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, kwa sababu sheria inambana, asiposajiliwa hafanyi kazi ya uinjinia basi. Hata huko Ulaya, sheria yao ya mashine ya 2006 inataka mashine ije na maelekezo kwa lugha ya nchi inakotumika, bila hayo haitakiwi kuingia sokoni, ndo maana Wajerumani wanailea hii fani, wana chama chao tekom na vyeti vyake. Sisi je? Nenda Kariakoo kanunue pampu ya maji uone, karatasi ya Kichina yenye herufi kama mchwa, fundi anaitupa na boksi lake na hakuna anayeshtuka.

Kwenye mifumo ya kompyuta ndo usiseme. Tenda ina kurasa kibao, manyuali imetajwa kamstari kamoja mwishoni, mradi mzima wanakusahau halafu wiki ya makabidhiano ndo simu inaita, "kaka tusaidie kamwongozo kadogo", malipo yenyewe nauli ya bodaboda. Hapo hata uwe na vyeti vitano utapewa kazi ileile kwa bei ileile.

Kwa hiyo mi nilikuwa naomba wanaoandika tenda, za serikali na za binafsi, waweke kipengele kimoja tu: kabla ya malipo ya mwisho, tuseme mfumo ni wa zahanati, chukueni watu wa mapokezi ambao huo mfumo hawajawahi kuuona, wapeni mwongozo, waambieni wasajili mgonjwa mpaka risiti itoke, na developa akae pembeni kimya asiwaelekeze. Wakikwama mwongozo unarudi, hela inasubiri. Gharama yake soda na nauli zao. Kampuni zikishakosa hela mara moja mbili zenyewe zitaanza kutafuta mtu anayejua kuandika, na hapo mtu akianzisha mtihani wa hapahapa Bongo mi mwenyewe nitapanga foleni.

Mwandishi wa miongozo,
Sinza, Dar es Salaam