Mzee wetu Profesa amelala: barua kwa binti yangu

Lubumbashi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku tu wazima. Baba yako anakusalimu, na yaya yako, mkubwa wako wa kuzaliwa, pia. Habari ya msiba ulishaipata kwa simu, nami nilisikia ulivyoshindwa kusema, ndiyo maana sikuendelea. Leo nimekaa nikuandikie vizuri juu ya Profesa jinsi nilivyomjua mimi. Wewe ulimjua kama nkambo, babu wa kanisani aliyekuwa akikushika mkono baada ya ibada, akakuuliza umesoma nini juma hili, na hakukuachia mpaka umjibu.

Tumemzika kwa heshima. Kilio kilijaa njia nzima, viti havikutosha, vijana wakakalia matofali. Watu wa chuo walikuwa wengi, wakiwemo wanafunzi wake wa zamani ambao sasa nao wana mvi. Wamama wa kanisa waliimba usiku kucha. Lakini walionitoa machozi ni wazee wa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, wale waliostaafu, waliofika kwa miguu asubuhi na kusimama mstari mbele ya jeneza. Mchungaji alipowapa nafasi ya kusema, mmoja wao alisogea akasema, "Huyu aliandika jina langu, jina la baba yangu, na kazi tuliyofanya." Kisha akarudi kwenye mstari. Vijana wengi hawakuelewa anasema nini. Nataka wewe uelewe.

Chuo chetu kikuu cha hapa Lubumbashi kilifunguliwa mwaka 1956, wakati wa Wabelgiji. Mwaka 1971 Mobutu aliviunganisha vyuo vyote vikuu kuwa kimoja, na kitivo cha fasihi kikahamishiwa hapa kutoka Kinshasa. Ndipo idara ya historia ya Lubumbashi ilipopata nguvu, na Profesa alisomea humo katika miaka hiyo, kisha akabaki kufundisha. Mimi nilipoingia darasani mwake pale Kasapa, kwenye kampasi ya chuo, nilitegemea tuanze na wafalme na wavumbuzi. Yeye aliuliza kila mmoja wetu: "Nani alikuleta mji huu?" Mji wenyewe ulianza 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika, kwa hiyo hakuna familia iliyoota hapa kama uyoga. Tukaanza kujibu. Mwenzangu mmoja babu yake aliletwa kutoka Rwanda, mwingine kutoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, wengi kutoka Kasai na vijiji vya Katanga yenyewe. Profesa aliandika kila jibu ubaoni, akatueleza Union Minière, kampuni ya shaba ya Wabelgiji iliyokuja kuwa Gécamines, ilivyoanza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake zao na watoto, badala ya kuwachukua vijana kwa mkataba mfupi na kuwarudisha. Kampi, shule za kampuni, mposho wa chakula uliogawiwa na kampuni, vyote vilikua kutokana na uamuzi huo. Siku hiyo nilitoka darasani nikiwa na haraka ya kwenda kumuuliza baba yangu maswali.

Kipindi kingine nisichokisahau ni kile cha mgomo wa mwaka 1941. Vita vya dunia vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu, kampuni ikitakiwa kutoa shaba nyingi zaidi, na mshahara wa mtu mweusi ukabaki mdogo. Wafanyakazi wakaweka zana chini. Tarehe 9 Desemba, kwenye uwanja wa mpira wa mji huu, askari waliwapiga risasi wagomaji, na Léonard Mpoyi aliyekuwa akisema kwa niaba yao akauawa pale. Hesabu ya wafu waliyotoa wakoloni na hesabu waliyobaki nayo wazee haziendani kabisa. Mwanafunzi mmoja alikasirika, akasema tuchukue ya wazee na kutupa ya Wazungu. Profesa alituagiza kwanza tutafute kila hesabu ilipatikanaje: nani alihesabu, alisimama wapi, alikuwa na sababu gani ya kupunguza au kuongeza. "Wafu wale wanastahili tuwatafute sawasawa," alisema. Hakuwa na upole katika jambo hilo. Kazi yenye hesabu isiyo na chanzo aliirudisha, hata kama ni ya mtoto wa mkubwa.

Sasa nikuambie alivyokuja nyumbani kwetu. Alikuwa akizunguka na kinasa sauti cha kaseti na daftari, akiwahoji watu wa kampi, na mimi nilimwomba aje kwa nkambo wako, aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye tanuri la shaba, pale penye shimini, lile bomba refu la moshi. Baba alivaa koti. Alisimulia moto, mabosi, ajali, na Profesa akaandika. Mama yangu alikuwa akipita tu, analeta chai, anarudi jikoni. Kaseti ilipoisha upande wa kwanza, Profesa aliigeuza, kisha akamwita, "Mama, tafadhali keti." Mama akacheka. Akasema yeye hana historia, aliolewa tu. Profesa akamuuliza siku ya mposho alikuwa akisimama wapi kwenye mstari, na mfuko wake aliushona kwa kitambaa gani.

Mwanangu, mama yangu aliongea mpaka giza likaingia. Alieleza unga, samaki wakavu, chumvi, mafuta ya mawese, na jinsi alivyojua kwa mkono tu kama karani amempunja. Alieleza fwaye ambako wanawake wa kampi walifundishwa kushona, na jinsi watoto walivyopimwa uzito mbele ya kila mtu, mama wa mtoto mwembamba akainamisha kichwa. Alieleza bustani aliyolima kwa siri nyuma ya kampi, na pesa za mboga zake zilizonisomesha mimi. Baba yangu alikuwa akimtazama mkewe kama mgeni. Hakuwahi kujua habari za ile bustani! Mpaka leo naona upande ule wa pili wa kaseti ndio uliokuwa na uzito, na Profesa mwenyewe aliutumia kufundishia miaka mingi.

Kanisani alikuwa mtu yuleyule. Wengine wanakuwa wasomi Jumatatu na wazee wa kanisa Jumapili, wasiulizane. Watu wakigombana juu ya shamba au mahari, alisikiliza kila upande peke yake, akaandika, kisha akawasomea wote wawili alichoandika, wasahihishe kwanza kabla ya shauri kuanza. Ugomvi mwingi uliishia hapo hapo kwenye kusahihisha.

Ila jambo kubwa kuliko yote alilifanya mwaka 1992. Ulikuwa hujazaliwa. Siasa ilikuwa imewageukia ndugu zetu wenye asili ya Kasai, na kwamba walizaliwa hapa haikusaidia. Likasi, na baadaye Kolwezi, walifukuzwa majumbani, wakalala kwenye stesheni muda mrefu wakingoja treni, na wengi walifia pale, hasa watoto. Hapa mjini hofu iliingia mpaka ndani ya kanisa. Kuna familia moja ya hao iliyokuwa ikikaa katikati. Jumapili moja benchi lao likabaki na wao tu, wenzao wamehama. Hakuna aliyesema kitu.

Wakati wa matangazo Profesa alisimama. Yeye ni mtu wa Katanga kwa baba na kwa mama, na kila mtu alilijua hilo. Hakuhubiri. Alifungua daftari la zamani la parokia, akasoma majina ya walioanzisha kanisa lile, mmoja baada ya mwingine, na kila baada ya jina akataja mtu huyo alitoka wapi. Nusu walitoka Kasai. Kisha akaeleza kwamba kampuni ndiyo iliyotuma watu kwenda kuwatafuta kule, na kwamba reli iliyofika Ilebo mwaka 1928 ilipita Kasai na kuwaleta. Akafunga daftari, akaacha kiti chake cha mzee mbele, akaenda kukaa kwenye benchi la ile familia. Jumapili iliyofuata alikaa palepale. Walimwita msaliti, na wako waliokataa kumsalimu. Mkewe alikwenda naye kukaa pale, na hilo lisisahauliwe wakati wanapomsifu yeye peke yake. Baadaye na sisi wengine tulianza kuhamia upande ule. Baba wa familia ile alikuwa kwenye kilio juzi, amebeba jeneza.

Miaka ile mishahara ya walimu haikuja. Alilima mahindi nyuma ya nyumba, akafundisha mchana akiwa na udongo kwenye viatu, na hakumwomba mwanafunzi hata senti ili ampe alama. Hilo wanafunzi wake wote wanalishuhudia.

Mwaka 2003, Gécamines ilipowaondoa kazini watu zaidi ya elfu kumi kwa mpango ulioitwa wa hiari, wazee wengi walimjia, maana walijua anaandika. Alikaa nao barazani jioni, akachukua majina, mwaka wa kuingia kazini, idara, jina la baba kama naye alikuwa mfanyakazi. Hakuwaahidi pesa. Ndio hao waliosimama mbele ya jeneza.

Sasa nina jambo la kukuomba. Mjane wake aliniita, akanionyesha sanduku mbili. Moja imejaa daftari, na mchwa wameanza kona moja. Nyingine ni kaseti, kila moja ina karatasi yenye majina kwa mwandiko wake. Nimeiona ya nkambo zako, majina ya wote wawili yapo, la mama yangu limeandikwa juu. Familia na watu wa idara wamekubaliana zinakiliwe zote kabla hazijahamishwa, lakini hapa tuna kinasa sauti kimoja kinachofanya kazi na hakuna anayejua kuhamisha sauti kwenye kompyuta. Wewe kazi hiyo unaifahamu. Uliza huko Kinshasa bei ya kifaa kinachohitajika, na uombe likizo yako iwe ndefu kidogo. Daftari nitaanza kuzinakili mimi na yaya yako, kwa mkono kwanza, kuanzia zile zilizoliwa.

Kwa mjane mpigie simu wewe mwenyewe, usitume salamu kupitia kwangu. Ananiuliza habari zako kila siku. Kitanda chako kipo, na sombe ya bustanini imestawi. Nijibu kabla ya mwezi kuisha, ili niwaambie wanafamilia tarehe.

Mama yako akupendaye