Jumamosi ya jumuiya imegeuka kikao cha michango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo Wakatoliki wengi tunanong'onezana tukishatoka jumuiya lakini tukiwa ndani hakuna anayefungua mdomo, maana ukilisema unaonekana huna imani au huna hela. Jumuiya zetu ndogo ndogo, yaani vile vikundi vya Wakatoliki majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, zinachoka. Watu wa kusali bado wapo, ila tumechukua muda wa kusali na kujuana hali tukaukabidhi daftari la michango.

Kwa asiyejua, kwetu Dar jumuiya ni Jumamosi asubuhi na mapema, kabla watu hawajaenda kwenye mihangaiko yao. Mnafika kwa yule ambaye zamu imemwangukia, viti vya plastiki barazani, mkeka wa watoto, meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na picha ya somo wa jumuiya, yaani mtakatifu msimamizi wake. Mnaimba, mnasali, inasomwa Injili ya Dominika inayofuata. Wale waliofundishwa zamani wanaijua ile njia ya hatua saba iliyotoka kituo cha Lumko kule Afrika Kusini: mnamkaribisha Bwana, mnasoma Neno, kila mmoja anachomoa sentensi iliyomgusa anaitamka kwa sauti mara tatu, mnakaa kimya, mnashirikishana imekugusa vipi, alafu hatua ya sita mnaulizana haya sasa wiki hii tunafanya nini, nani mgonjwa, nani hajaonekana, mtoto wa nani karudishwa shule, mnapangana nani anaenda kwa nani, ndo mnamalizia na sala kila mtu kwa maneno yake.

Sasa angalia inavyokwenda siku hizi. Neno linasomwa mbio mbio, mtu mmoja anatoa tafakari aliyoikuta kwenye grupu la WhatsApp, kimya hakuna kabisa kwasababu ukinyamaza dakika moja watu wanadhani umesahau cha kusema, na tukifika pale kwenye hatua ya sita mwenyekiti anasema "basi tumsikilize mhazini". Mhazini anafungua daftari. Zaka, ujenzi, tegemeza jimbo, mavuno, zawadi ya paroko, sare za sikukuu ya somo. Majina yanasomwa nani kamaliza nani bado, wengine wanasomwa mbele ya watoto wao, na mzee anayelala njaa anasomwa sauti ile ile na mwenye magari mawili. Sala ya kufunga inasaliwa watu wako wima wanatafuta kandambili zao mlangoni.

Kwetu kulikuwa na mama mpangaji anayeuza vitumbua. Jina lake lilikuwa linasomwa kila wiki kwenye orodha ya wanaodaiwa ujenzi, kila wiki "huyu bado", mpaka jirani yake ambaye ni Mwislamu akatuambia jamani huyo mama mguu umevimba hatoki ndani muda sasa, na yeye ndo anampelekea uji. Watu walinyamaza pale, na sidhani kama tulipata kimya kingine cha maana mwaka ule. Deni lake tulikuwa tunalijua mpaka mia ya mwisho na anakaa geti la nne kutoka pale tulipokuwa tunasalia.

Najua kuna watakaosema huyu anaota ya zamani. Lakini hizi jumuiya hazikuanzishwa ili parokia ipate njia rahisi ya kukusanya, na historia iko wazi. Maaskofu wa AMECEA, ule umoja wa maaskofu Wakatoliki wa kwetu huku Afrika Mashariki pamoja na majirani kama Malawi na Zambia, walikaa Nairobi mwaka 1973 wakaona Kanisa lazima lijengwe kwenye jumuiya ambazo watu wanajuana kwa sura na maisha yao ya kila siku, na mwaka 1976 wakalifanya hilo kipaumbele cha uchungaji kwa ukanda mzima. Wenzetu wa Kongo walikuwa wameshaanza kulisema tangu mwaka 1961. Hapa kwetu Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda mbali zaidi, akaenda kuishi na wanakijiji kwenye kijiji cha ujamaa. Alafu Sinodi ya Afrika, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1994, ikasema Kanisa ni familia ya Mungu. Familia gani hiyo ambayo ukiingia sebuleni salamu ya kwanza ni deni lako?

Nisieleweke vibaya, hela inahitajika. Kanisa letu halijengwi tena na misheni kutoka Ulaya, bati tunanunua wenyewe, katekista anakula, umeme unalipwa, na kuna jumuiya zimemsomesha yatima mpaka chuo kwa hizi hizi buku buku. Kwenye msiba ndo usiseme, jumuiya ikifika na sufuria zake, mchele na nyimbo, mfiwa anapata moyo. Kwahiyo sibishani na kuchangia. Nabishana na mahali na muda tulioupa. Mhazini anaweza kukaa na daftari lake mara moja kwa mwezi baada ya misa, anayetaka kutuma kwa simu atume, na anayedaiwa afuatwe kwake aongeleshwe kiutu uzima, labda huko huko ndo mtagundua amefukuzwa kazi. Majina yasisomwe. Hilo la kusoma majina kwa kweli sijui lilitoka wapi.

Kingine ni barua ya jumuiya, ile ya kuthibitisha kwamba wewe ni mwanajumuiya. Ukitaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa, hata ukifiwa, swali la kwanza ni uko jumuiya gani na mwenyekiti anakujua? Nia yake nzuri, mtu ajulikane na wenzake asiwe wa kuokota sakramenti njiani. Ila imetuletea wanajumuiya wa msimu, mtu humuoni miaka, mchumba akikubali tu utamkuta mstari wa mbele anaimba kuliko kwaya, akishapigiwa muhuri wake imetoka hiyo. Na wapangaji wanaohama hama kila kodi ikiisha wanaona aibu kuanza upya mtaa mpya kwasababu wanajua kitakachoulizwa, wanaamua bora nisali zangu misa ya pili niondoke. Hao ndo wengi mjini hapa, vijana hasa. Alafu tunashangaa wameenda kwenye maombi ya mtu wanayemuona YouTube, wakati kule angalau mtu anamuuliza una shida gani nikuombee.

Kuhusu wanaume sina la kusema zaidi ya kwamba jumuiya nyingi ni akina mama na watoto, baba anabaki kitandani anasema nitawakilishwa. Ila nimeona kitu: siku ya sikukuu ya somo, ikishasomwa misa ya jumuiya uwanjani kwa mtu na pilau likapikwa pamoja, wababa wanakuja, wanabeba viti, wanakata nyama, wanakaa mpaka jioni na stori zinapigwa. Ndugu zetu Walutheri wa KKKT nao wana jumuiya zao na wananiambia hadithi ni hiyo hiyo. Basi kwanini tunasubiri sikukuu mara moja kwa mwaka, hata chai na mihogo baada ya sala si inatosha, kila mtu aje na chake. Wakristo wa kwanza kwenye Matendo ya Mitume walikuwa wanamega mkate nyumba kwa nyumba, walikula jamani, hawakusaini tu mahudhurio. Na paroko naye, au frateri anayesomea upadre, apange kuzungukia jumuiya, asionekane tu siku ya kubariki nyumba ya mkubwa.

Najua hofu ya viongozi, kwamba daftari likiondolewa Jumamosi makusanyo yatashuka na bajeti ya parokia itakwama. Mimi nasema tujaribu mwezi mmoja. Oktoba ni mwezi wa rozari, tunazungusha sanamu ya Bikira Maria nyumba kwa nyumba na tunakutana kila jioni, kwahiyo nafasi ya kujuana ipo. Mwezi huo daftari libaki nyumbani kwa mhazini, kila jioni baada ya rozari iulizwe hatua ya sita tu, nani hajaonekana na nani anaenda kumuona. Alafu Novemba mhazini asimame atusomee amekusanya shilingi ngapi, tulinganishe na Septemba.

Ni mimi,
Mwanajumuiya, Mbezi,
Dar es Salaam