Tovuti moja, mafundi watatu wa nini?

Mhariri, mi nauza mchele wa Kyela hapa Mwanjelwa, mwaka jana kijana mmoja kanitengenezea tovuti, hostingi, yaani pale tovuti inapohifadhiwa ili ionekane mtandaoni, ikawa kwa mtu mwingine Dar, jina la tovuti, ile anwani inayoishia na .co.tz, nalo sijui nani alilipia. Juzi mteja kapiga simu toka Tunduma eti haifunguki, nampigia fundi anasema ni hostingi, wa hostingi anasema jina limeisha muda, kumbe linalipiwa kila mwaka, mi ningejuaje jamani! Siku nne nazungushwa tu. Sie wenye biashara ndogo bora dizaini, hostingi na kurekebisha ikizingua vishikwe na mtu mmoja, bili moja. Ila jina lisajiliwe kwako mwenyewe, sio kwa fundi, mkikorofishana ataondoka nalo.

Muuza mchele, Mbeya