Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wakalimani na Wafasiri, Nairobi

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama inamtaka mwenyekiti aeleze yaliyotendeka katika mwaka. Habari za hesabu atazisoma mweka hazina, nami sitamwingilia kazi. Ninaomba nitumie nafasi yangu kuzungumzia jambo lililochukua sehemu kubwa ya vikao vyetu vya mafunzo, yaani namna mashirika ya kimataifa yanavyojenga amani na ushirikiano baina ya nchi, kama inavyoonekana na sisi tunaoketi nyuma ya kioo na vipokea sauti masikioni.

Mji wetu una mahali pake katika habari hii. Mwaka 1972 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua shirika la mazingira liwe na makao yake makuu Nairobi, na hilo likawa shirika la kwanza la Umoja huo kuwekwa katika nchi zinazoendelea. Lile la makazi lilifuata mwaka 1978. Hata hivyo, wakazi wengi huifahamu diplomasia kwa foleni ya magari tu, pale misafara ya wageni inapofunga barabara ya kwenda Gigiri, yaliko makao hayo, na sidhani kama ni haki kuwalaumu.

Kikao kilichonigusa zaidi ni kile tulichosoma pamoja hati za amani ya Sudan. Watu huikumbuka siku ya tarehe 9 Januari 2005 katika Uwanja wa Nyayo, John Garang, kiongozi wa waasi wa kusini, na Ali Osman Taha, makamu wa rais wa Sudan, walipotia saini mkataba wa amani. Ukizipanga hati mezani, unaona kwamba siku ile ilikuwa tamati ya kazi iliyofanywa kipande kwa kipande: Itifaki ya Machakos ya Julai 2002, iliyowapa watu wa kusini haki ya kuamua hatima yao baada ya miaka sita ya mpito, makubaliano ya usalama ya Septemba 2003 huko Naivasha, makubaliano ya kugawana mali Januari 2004, kisha ya kugawana madaraka Mei mwaka huohuo. Aliyeongoza usuluhishi, Jenerali Lazaro Sumbeiywo, alifanya hivyo kwa niaba ya IGAD, shirika la nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, ambalo mwaka 1986 liliundwa ili kupambana na ukame na kuenea kwa jangwa. Mwanachama mmoja aliuliza ukame na vita vinahusiana vipi. Aliyetoka kaskazini mwa nchi yetu, ambako kisima kikikauka majirani huanza kutazamana vibaya, hakuhitaji kuelezwa.

Hatukuficha upande wa pili. Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 2011, na kufikia Desemba 2013 ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe. IGAD ikarudi kuwaita wahusika mezani, yakapatikana mapatano ya 2015, yakavunjika, yakahuishwa mwaka 2018. Kuna wanaosema huo ni ushahidi kwamba mashirika haya hayana maana. Mimi nasoma habari hiyohiyo kinyume chake: pasipo chombo cha kudumu, nani angewaita mara ya pili na ya tatu?

Jibu la swali hilo tunalo hapahapa Afrika Mashariki. Jumuiya ya kwanza, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Reli, ndege, bandari na posta zilikuwa mali ya pamoja, sasa zikawa mali ya ugomvi. Ilimlazimu Mswisi, Victor Umbricht, kusuluhisha mgawanyo kwa miaka kadhaa hadi mapatano yalipotiwa saini Arusha Mei 1984. Katika hati ile, ambayo kwa hakika ilikuwa hati ya talaka, nchi tatu ziliacha kifungu kinachosema zitaendelea kutafuta njia za kushirikiana. Kifungu hicho kidogo ndicho kilichofungua njia ya mkataba mpya wa 30 Novemba 1999. Leo nchi wanachama ni nane. Ya nane ni Somalia, iliyokamilisha kujiunga mwaka 2024, miaka isiyozidi mitatu baada ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kutoa hukumu juu ya mpaka wa baharini baina yake na Kenya, hukumu ambayo Kenya iliikataa. Kesi haikusahauliwa, lakini wajumbe wa nchi hizo mbili wanaketi chumba kimoja na kujadili ushuru.

Kuhusu Baraza la Usalama nitasema machache. Kenya ilikuwa mjumbe wake mwaka 2021 na 2022. Februari 2022 nchi 11 kati ya 15 ziliunga mkono azimio juu ya uvamizi wa Ukraine, Kenya ikiwa miongoni mwao, na kura moja ya turufu ya Urusi ikalizima. Meza ya mazungumzo nayo ina miguu mibovu, na wanachama vijana waliokasirishwa na jambo hilo katika vikao vyetu walikuwa na haki.

Lipo pia la sotoka. Ugonjwa huo ulioangamiza ng'ombe na nyati wa bara hili ulionekana kwa mara ya mwisho mwaka 2001, katika nyati wa mbuga yetu ya Meru, na mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba umetokomezwa. Nchi zisizopatana katika mengine zilipeana habari za mifugo na kuchanja kufuata njia za wafugaji, ambao hawakuwahi kuuliza mpaka uko wapi.

Sasa nije kwa kazi yetu yenyewe. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikubali Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na UNESCO ilikuwa imekwisha kuitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake. (Ni tarehe hiyohiyo, mwaka 2000, ambapo mkataba wa Jumuiya ulianza kutumika.) Heshima imekuja, ila malipo na masharti ya kazi bado. Mwandaaji mmoja wa mikutano alimwacha mwenzetu peke yake katika kibanda cha ukalimani asubuhi nzima, bila mkalimani wa kupokezana naye, na ujira wake ulifika baada ya miezi minne. Kamati imeandika masharti ya chini ambayo mtaombwa kuyapitisha leo.

Niliwahi kukalimani katika kikao cha majirani wa mpakani waliogombania maji na malisho. Rasimu ilisema pande zote "zitasitisha" mashambulizi. Mzee mmoja akainua mkono, akasema kwamba mtu anayesitisha safari bado hajavua viatu. Upande wa pili ukapendekeza "kukomesha", naye akauliza nani kati yao ana uwezo wa kuwakomesha vijana walio mbali na kikao. Saa nzima ilipita juu ya kitenzi kimoja, chai ikapoa, na mwishowe wakaandika "tunaacha", kwa wakati uliopo, kila mmoja akijisemea mwenyewe.

Daftari la istilahi tulilolianza mwaka huu bado limeacha pengo mahali pa kitenzi hicho cha kumaliza mashambulizi. Liko juu ya meza karibu na mlango, pamoja na kalamu. Mwenye pendekezo aliandike kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu kamati itakaa alasiri.