Glasi ya kumi na nane

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Bibi yako alinipigia kulalamika kwamba umemaliza ndimu zote za kwenye kapu lake na kwamba jikoni kunanata sukari hadi mlangoni. Alikuwa analalamika huku anacheka, nikajua ameshakubali. Basi na mimi nimekubali. Likizo hii ya Desemba uza maji yako ya ndimu hapo barazani, joto la kaskazi litakusaidia. Ila kabla hujatandika meza soma barua yote, usirukie penye hela.

Hela yenyewe ni hii: nimetuma 20,000 kwenye simu ya bibi, na ya kutolea nimeongeza. Si zawadi. Ni mkopo usio na riba, na kila Ijumaa utanirudishia elfu tano mpaka uishe. Nimemwambia bibi asithubutu kukusamehe kwa niaba yangu.

Najua wazo hili umelitoa kwenye katuni, wale watoto wa Kimarekani wanaoweka meza mbele ya nyumba na jagi la maji ya limau. Ni jambo la kweli, wanafanya hivyo miaka na miaka. Huko Texas mwaka 2019 ilibidi itungwe sheria ya kuzuia miji na vyama vya wenye nyumba kuwapiga marufuku watoto wanaouza vinywaji. Lakini kuna kitu katuni haikuonyeshi. Malimau hutoka kwenye friji la mama, sukari kwenye kabati la mama, na jioni mtoto anamimina sarafu mezani anasema amepata faida. Hajapata faida yoyote. Kauza vitu vya mama yake.

Ndiyo maana sitaki uchukue ndimu nyingine kwenye kapu la bibi bila kulipa, wala mkaa wake, wala maji yake. Hapa dukani Kariakoo naandika hesabu za watu kutwa nzima, na wafanyabiashara wanaonitia huruma si wale wasiouza. Ni wale wanaouza sana. Mtu anakwambia leo kaingiza laki tatu, uso umemng'aa, na ukimuuliza mzigo ulimgharimu kiasi gani anaanza kutazama dari. Baada ya muda unasikia fremu ya duka kairudisha kwa mwenyewe.

Kwa hiyo tuanze na gharama. Nimepiga hesabu ya lita kumi kwa bei alizonitajia bibi. Ndimu 35 za wastani kwa shilingi mia moja moja ni 3,500. Sukari kilo moja 3,000. Tangawizi 500. Mkaa na maji 1,000, na hiyo unampa bibi mkononi. Barafu 500. Sabuni na kitambaa cha kufutia glasi tuseme 500. Jumla 9,000. Lita kumi zinatoa glasi 40 za robo lita, kwa hiyo kila glasi inasimama kwa shilingi 225 kabla mteja hajainusa. Ndimu zikipanda bei, na hupanda, rudia hesabu siku hiyohiyo. Usiendelee na namba ya wiki iliyopita kwa sababu umeizoea.

Sasa bei. Bibi kasema unataka kuuza 300 ili umshinde yule mama jirani anayeuza juisi ya ukwaju kwa 500. Hapo tukae kidogo.

Ukiuza 300, unahitaji kuuza glasi 30 ndipo 9,000 irudi. Ukimaliza ndoo nzima, zote 40, unapata 12,000, na faida yako ni 3,000. Ukiuza 500, glasi ya 18 ndiyo inayorudisha hela yote uliyotumia. Kuanzia ya 19 kila glasi ni yako. Uza 25 tu, ndoo ibaki na glasi 15, bado umepata 12,500 na faida ya 3,500. Yaani aliyeuza glasi 25 kamzidi aliyeuza 40, na hajachoka hivyo. Rudia hesabu hii mwenyewe kwa kalamu, usiniamini tu.

Na hata hesabu ingekuwa upande wako, nisingekuruhusu. Yule mama ukwaju wake ndio unaolisha nyumba. Wewe usipouza utakula wali wa bibi kama kawaida. Yeye asipouza mambo ni mengine. Kabla ya kufungua, nenda kwake asubuhi, mpe shikamoo, mwambie unataka kuuza maji ya ndimu wakati wa likizo, na kwamba ukwaju hutauza. Nina hakika atakubali, na akiishiwa chenji atamtuma mtu kwako, nawe ukiishiwa utakwenda kwake. Jirani anayekusaidia chenji ana thamani kuliko wateja watano.

Wenye sarafu ya mia mbili, hasa watoto wanaotoka madrasa, usiwafukuze. Tafuta vikombe vidogo vya mililita 100. Kinasimama kwa shilingi 90, uza 200. Ukipiga hesabu kwa lita utaona watoto wanakulipa sawasawa na wakubwa.

Kuhusu kutengeneza, mengi unayajua kwa kumtazama bibi, lakini kutengenezea wageni wawili na kuuzia mtaa si kazi moja. Ndimu usizikamue zikiwa baridi kutoka kwenye friji, hazitoi maji ya kutosha. Ziviringishe kwa kiganja juu ya meza kwanza, ukibonyeza. Ondoa mbegu, na usikamue mpaka ganda liumie, kwa kuwa uchungu uko kwenye ganda na kwenye ile nyama nyeupe. Maji ya ndimu usiyalaze kwenye sufuria ya alumini. Asidi inaila sufuria na kinywaji kinapata ladha ya chuma. Tumia jagi la kioo au ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, si ile iliyokuwa na rangi ya nyumba, hata ikisuguliwa vipi.

Sukari usiikoroge kwenye maji baridi, nusu itabaki chini na mteja wa mwisho atakunywa shira. Pika shira nyepesi: sukari kilo moja na maji lita moja na nusu, tangawizi iliyopondwa humohumo, na chumvi kidogo sana. Ipoe, chuja, changanya na maji ya ndimu. Utapata kama lita tatu. Hiyo ndiyo mali yako, iweke kwenye friji. Barazani unachanganya jagi moja moja: glasi tatu za shira, glasi saba za maji. Usichanganye ndoo nzima asubuhi. Desemba mvua za vuli huenda bado hazijaaga, na wingu likitanda saa nane mchana mtaa wote unaingia ndani. Ukiwa umechanganya jagi moja, hasara yako ni jagi moja. Shira itakungoja hadi kesho.

Siku ya kwanza pika nusu tu. Lita tano, glasi 20, na glasi inayorudisha hela ni ya tisa. Zikiisha mapema waache watu waulize, "Kesho upo?" Ni tangazo zuri kuliko kibao.

Hapa sasa sina mzaha. Maji yote yachemke mpaka yatokote sawasawa, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Barafu ya kununua usiitie ndani ya kinywaji kabisa, kwa sababu hujui iligandishwa kwa maji gani. Ikae kwenye deli, lile sanduku la kutunzia baridi, na chupa zako za shira na za maji zikae katikati yake, zipoe kwa nje. Kipindupindu kimepita kwetu zaidi ya mara moja, na hakitazami kama muuzaji ni mtoto mzuri wa nani. Ukitaka vipande vya barafu vya kuelea kwenye glasi, gandisha mwenyewe maji yaliyochemshwa, na hapo kumbuka umeme wa LUKU anaolipia bibi. Mwongezee 500 kwa siku na glasi inayorudisha hela inakuwa ya 19. Ukiona barafu inaleta wateja kuliko gharama yake, sawa. Isipoleta, acha.

Glasi zioshwe kwa beseni mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia, na maji ya kusuuzia yabadilishwe kabla hayajawa na rangi. Anayeshika hela asishike glasi. Kwa hiyo unahitaji mtu wa pili, na nimesikia binamu yako ameshajiteua. Vizuri, ila mkubaliane malipo kabla ya kuanza, mbele ya bibi. Mimi ningempa robo ya faida badala ya mshahara. Siku ikiwa na faida ya 4,000 anapata elfu moja; siku isiyo na faida hapati kitu, na utaona atakavyoanza kuhesabu ndimu kwa uchungu kama wewe.

Wateja wakubwa watakuwa wale vijana wa kijiwe cha bodaboda pale kona. Saa sita hadi saa kumi ndipo kiu yao ilipo. Wanalipa jero, yaani mia tano, bila maneno, lakini wanapenda kukopa. Watakwambia, "Dogo, andika, jioni nakupa." Usiandike. Bandika karatasi ukutani kama yale ya madukani, LEO FEDHA KESHO MKOPO, na ukiona aibu kusema mwenyewe onyesha karatasi kwa kidole ucheke. Mtu mzima anayekopa glasi ya mia tano kwa mtoto, kumdai itakuwa kazi ya bibi, na bibi hana magoti ya kumfuata mtu kijiweni.

Mjomba wako naye atakuja na kusema, "Hii ya mjomba, sivyo?" Huyo mpe. Mpe mara moja. Bibi mpe kila siku bila kuulizwa. Na akija mtoto anayetazama tu hana kitu, mpe kikombe kidogo wala usimuulize maswali. Sikukatazi kutoa. Ninachotaka ni kwamba kila kilichotoka kiandikwe. Nunua kauntabuku, chora mistari, na kila jioni uandike glasi zilizotengenezwa, zilizouzwa, zilizotolewa bure, zilizobaki, na hela iliyomo kwenye kopo. Namba hizo lazima zikubaliane. Umetengeneza 40, umeuza 27, umetoa 4, zimebaki 6? Basi glasi tatu zimepotea, na kabla hujamshuku binamu yako pima jagi: huenda unajaza glasi mpaka juu. Kumjazia mtu kupita kipimo ndiyo njia ya kawaida ya kupoteza mali kwa muuzaji mwenye roho nzuri.

Kopo la biashara liwe na chenji ya 2,000 kila asubuhi, sarafu za mia na mia mbili. Hiyo si faida wala mauzo, usiihesabu jioni ukafurahi. Ukitaka mandazi, usitoe kwenye kopo. Subiri Ijumaa.

Kuna jambo la mwisho, na nimelifikiria sana kabla ya kutuma hela. Umewaona watoto wanaotembeza karanga na mayai pale stendi hadi usiku. Wengine ni wadogo kuliko wewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto asiajiriwe kabla ya miaka 14, na wewe una 12. Wale wengi hawakuchagua. Nyumbani kunasubiriwa walichouza. Wewe unachofanya ni jambo jingine na nataka libaki jambo jingine. Ada yako, sare zako, chakula chako, hivyo ni vyangu mimi, hata ukipata faida ya kununua baiskeli. Kwa hiyo hutatembeza. Hapo barazani tu, bibi akiwa ndani au nje anakuona. Adhana ya Magharibi ikilia, meza inaingia ndani hata kama kuna watu kumi wamepanga foleni. Siku ukichoka, funga. Ukiona haikufurahishi tena, nirudishie kilichobaki cha mkopo, tusameheane kingine. Na kitabu cha hisabati kikae mezani pamoja na jagi, maana kutakuwa na saa nyingi ambazo hakuna mteja.

Mtu akija na hela kubwa na maneno mengi, noti ya elfu kumi anataka chenji ya haraka, mwite bibi kwanza. Akikataa kusubiri, mwache aende na kiu yake.

Ijumaa baada ya Isha nitapiga. Uwe na kauntabuku mkononi, na binamu yako awe karibu. Sitauliza umeingiza shilingi ngapi. Nitauliza siku gani ulivuka glasi ya 18, siku gani hukuvuka, na siku hiyo mvua ilinyesha au uliamka umechelewa.

Msalimie bibi, mwambie kitenge chake nimekipata, kitakuja na basi la Jumatatu. Na usafishe ile sakafu ya jikoni leo, kabla sisimizi hawajaita ukoo wao.

Mimi mama yako,
Dar es Salaam