Rukia, hamisheni ile Jumanne

Osaka

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Hamjambo wote? Mama Mkubwa mguu umepoa? Huku sote wazima, baridi tu ndiyo imeanza kung'ata.

Nakuandikia mbiombio kwa sababu nimeisoma ratiba yenu na nimeona safari ya Ikeda, mji wa jirani na hapa Osaka, mmeiweka Jumanne. Rukia, Jumanne hapafunguliwi! Makumbusho ya huko ya Cup Noodles, zile tambi za kikombe, hufungwa siku hiyo, na yale ya nyumba za kale pale Tenjinbashisuji nayo vilevile. Mtafika mkute mlango umefungwa, na Nassor namjua, hapo patakuwa hapakaliki. Ihamishieni Jumatatu, tafadhali.

Najua Shemeji kasema kwenda kutazama tambi ni kupoteza muda. Mwambie kiingilio ni bure, aje tu. Mle ndani wamejenga upya kibanda cha uani alimotengenezea Momofuku Ando, yule mvumbuzi wa tambi za papo kwa papo, tambi zake mwaka 1958. Kibanda kidogo cha mbao, karai la mafuta, vyombo vya jikoni vya kawaida kabisa. Alikuwa na miaka 48 na karibu kila alichokuwa nacho kilikuwa kimepotea. Inasemekana alimtazama mkewe akikaanga tempura, vyakula vya kuchovya kwenye unga, ndipo akapata siri: mafuta ya moto yanafukuza maji kwenye tambi, zinabaki na vitundu vidogo, na ukizimwagia maji ya moto yanapenya humo zinalainika. Nataka watoto wakione kile kibanda. Nataka hasa Nassor akione, kwa vile ulivyonieleza habari zake za shule.

Kisha wanajitengenezea kikombe chao wenyewe, yen 500 kila kimoja. Wanakichora kwa kalamu za rangi, wanakipeleka kwenye mashine, kikombe kinakaa kifudifudi juu ya bonge la tambi, mtoto anazungusha mkono wa mashine taratibu, na kikombe kinageuka na tambi zikiwa zimeshakaa ndani, zimebana sawasawa. Usiwapite mbele, waache wazungushe wenyewe! Halafu anachagua supu moja kati ya nne na viungo vinne kati ya kumi na viwili. Wenyewe wanasema michanganyiko inafika 5,460. Ila angalia: nyama ya Cup Noodles ina nguruwe, na supu zake pia usiziamini. Vikombe vyao viwe pambo la kabatini, wasile.

Treni ni ya reli ya Hankyu kutoka stesheni ya Umeda, kama dakika ishirini, kisha mnatembea kidogo. Nendeni asubuhi, Jumatatu. Nimeshasema Jumatatu?

Jumanne basi iwe ya gemu. Mitaa ya Namba na Nipponbashi kumbi za gemu zimejaa, ghorofa juu ya ghorofa, na kelele zake utazisikia toka barabarani. Mashine za kunasia midoli nyingi zinakula sarafu ya yen 100 kila mchezo. Wape watoto kiasi chao mkononi mapema, kikiisha kimeisha, maana zile mashine zinajua kuvuta mtu. Lile koleo halina nguvu ya kubeba, kwa hiyo wasihangaike kunyanyua. Wausukume mdoli kidogo kidogo mpaka udondoke. Na ukikwama pabaya, mwite mhudumu kwa adabu, mara nyingi anausogeza mahali pazuri. Sijui kwingine duniani wanafanya hivyo.

Mimi moyo wangu uko Shinsekai, chini ya mnara wa Tsutenkaku. Kuna ukumbi wa mchezo wa zamani wa smart ball: unarusha gololi za kioo kwenye ubao ulioinama, ikiingia tunduni zinakumiminikia nyingine, kwa kishindo, karakara juu ya kioo. Wazee wa mtaa wanacheza kimya bega kwa bega. Wallahi Shemeji hatatoka humo.

Ile hadithi ya Zubeda nitakupa ukija, kwa barua haiandikiki.

Sasa nijibu upesi: hoteli mmeshalipia? Iko upande wa Umeda au Namba? Mdogo anatembea mwenyewe au mnakuja na kigari? Shemeji atapata ruhusa Jumatatu, au nije niwachukue mimi wewe na watoto? Na khanga zangu, umempitia yule fundi?

Wako,
Mwanaidi