Baba mdogo, waongo wako nimewapata

Mbukwa, baba mdogo.

Lile kopo la maziwa ya unga ulilolificha juu ya dari ya stoo nimelishusha. Nilidhani ni misumari. Kufungua, nakuta kipande cha kandambili kimechomekwa ndoana ndogo kumi na moja, kila moja imevishwa kama mdudu wa kudanganyia samaki. Waongo wako! Miaka yote hii nilijua uliwatupa.

Nimewakagua mmoja mmoja mlangoni, penye mwanga. Mweusi ndiye anayenishangaza mpaka leo: unyoya wa kanga (ndege, si ya kuvaa) wenye madoa meupe, uzi wa cherehani umezungushwa hadi shingoni, na mkia wa mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa mwembamba kama mguu wa panzi. Kichwani, rangi ya kucha. Sasa nimejua kile kichupa alichokitafuta mama mdogo wiki nzima kiliishia wapi. Hilo mtamalizana wenyewe.

Jumamosi nikaenda nao bwawani Hombolo, kule Dodoma. Vijana pale wanatumia minyoo na donge la ugali. Wakanitazama kama mtu anayevua kwa hereni. Saa nzima sikuguswa hata mara moja. Nilikuwa natupa mbali, kwenye kina, najiona fundi. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukikunja suruali na kuingia majini taratibu, ukipapasa chini kwa nyayo. Utotoni nilidhani unaogopa kuteleza. Kumbe bwawa lile la tangu 1957 limejaa tope, macho hayasaidii kitu, nawe ulikuwa unatafuta visahani, vile vishimo vya duara ambavyo dume la perege huchimba karibu na ukingo ili majike waje kutaga. Jike akishataga huondoka na mayai mdomoni. Dume hubaki analinda sahani yake, na chochote kikitua humo hukidaka akitoe nje. Wala si njaa, ni hasira za mwenye nyumba.

Nikavua viatu. Kisahani cha kwanza nilikipata kwa kisigino. Mwongo mweusi hata hajatulia, ufito ukainama. Nikatoa watatu, wa kujaa kiganja, tukawala na mlenda.

Wa nne alikimbilia kwenye matete, mshipi ukakatika. Ndiyo, akaondoka na yule mweusi.

Nimeanza kumtengeneza mwenzake. Manyoya nimepewa na jirani, uzi upo. Linalonishinda ni lile fundo la shingoni. Nilimfumua mwongo mwekundu nione ulivyofunga. Nilipofika katikati vyote vikanimwagikia mapajani. Usinipigie simu kunigombeza. Niambie tu nije lini, na rangi ya kucha nitanunua mwenyewe.